Goti la Bawaba

Mguu wangu wa kulia haukunji. Nikikaa kwenye kiti unanyooka mbele kama mpini wa jembe, na wajukuu wanauruka wakipita. Anayejikwaa ndiye anayekemewa, si mguu. Wakiniuliza umekuwaje, nawaambia bibi aliumia zamani, nendeni mkacheze. Lakini sasa nimezeeka na naona vibaya kuondoka na jambo hili kichwani. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima lililokuwa kwenye ghala la pamba, kwa hiyo atakayesoma anivumilie mwandiko. Maneno yenyewe ni ya kweli.

Goti liliharibikia Geita. Miaka ile mgodi mkubwa ulikuwa umekwisha kufungwa, wenyewe wameondoka, na watu kama sisi tulikwenda kudokoa mabaki yao. Mume wangu alishuka kwenye shimo, wachimbaji wenyewe wanaliita duara, akapandisha mawe. Mimi nikayatwanga, kisha nikayasaga kwa jiwe juu ya jiwe mpaka yawe unga wa kuoshea dhahabu. Kazi hiyo haifanyiki umesimama. Unapiga magoti asubuhi, unainuka jua likizama, na chini yako si udongo, ni kokoto. Nikitoka hapo napiga magoti kupuliza moto, napiga magoti kumpa mume chakula, napiga magoti kumsalimu mkubwa yeyote anayepita. Sisi Wasukuma mwanamke hasalimu kwa mdomo peke yake. Goti ndilo linalosema kwanza, mdomo unafuata.

Likaanza kuvimba. Likajaa maji likawa kama boga, likapungua, likajaa tena. Kwenye zahanati wakasema baridi yabisi. Tuliporudi nyumbani kwa wazazi wa mume wangu, upande wa Tinde, wakati watu wanahamishiwa kwenye vijiji vipya, goti lilikuwa limelegea na linachezacheza pembeni kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nilikuwa bado kijana, nina watoto wa kulea, na nilikwenda shambani kwa kusota makalio. Nilipalilia pamba nimekaa. Mtu aliyeniona kwa mbali alidhani ni mtoto anacheza kwenye matuta.

Mtawa mmoja wa zahanati ya misheni ndiye aliyenitafutia njia. Alisikia kuwa kwenye hospitali kubwa ya mbali kuna daktari mgeni, amekuja na magoti ya chuma, anawachagua wagonjwa wachache. Tukapanda treni pale Shinyanga, kisha basi, mimi na mume wangu. Safari nzima alinibeba mgongoni kama gunia la michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, na kila kituo alisema mzigo huu hauliwi lakini ni mzito.

Daktari yule alikuwa mrefu, kimya, na mikono mikubwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabika, kwa hiyo nesi alisimama katikati yetu. Akaleta sinia lenye vyuma vya namna mbili. Nataka niandike vizuri hapa, maana ndipo mambo yote yalipoanzia.

Ya kwanza ilikuwa bawaba tupu. Chuma kirefu cha kuingizwa ndani ya mfupa wa paja, kingine cha kuingizwa ndani ya muundi, na katikati pini inayoviunganisha, kama bawaba ya mlango wa stoo. Ya pili haikuwa na pini. Ilikuwa kofia ya chuma iliyopinda ya kuvikwa mwisho wa paja, na kisahani cheupe cha plastiki cha kuwekwa juu ya muundi. Kofia inakaa juu ya kisahani na kuteleza, kama kalio la chungu juu ya kata kichwani. Nikamwonyesha ile ya pili kwa kidole. Ilikuwa nzuri kutazama. Daktari akatikisa kichwa, akalishika goti langu, akalisukuma kushoto na kulia, likachezacheza lile goti la aibu.

Nesi akanieleza. Ile isiyo na pini inakunja zaidi, kwa sababu goti alilotuumbia Mungu halizunguki mahali pamoja. Ukikunja mguu, mfupa wa paja unarudi nyuma kidogo kidogo, unaipisha nyama, ndiyo maana mtu anaweza kuchuchumaa kisigino kikagusa kalio. Lakini kofia ile inataka kano za pembeni ziwe hai ziishike, na zangu zilikuwa zimekwisha kulika. Nikiwekewa hiyo itachomoka siku nitakapogeuka kuchota maji. Kwangu ni bawaba tu. Na bawaba inazunguka kwenye pini yake, mahali pale pale. Ikifika mwisho, chuma kinagota kwenye chuma, basi.

Nikauliza mwisho wake ni wapi. Daktari akakaa kwenye kiti, akanionyesha mguu wake ulivyokunja. Pale. Na zaidi kidogo.

"Utakaa kwenye kiti, utapanda ngazi, utatembea mpaka sokoni," nesi akasema. "Kuchuchumaa, hapana. Kupiga magoti, hapana, hata ukibembelezwa."

"Na chooni?"

Nesi akacheka mpaka akaweka mkono mdomoni. Alipomtafsiria daktari, yeye hakucheka. Akasema nitengenezewe sanduku lenye tundu. Kisha akasema neno lingine, taratibu, na nesi akaacha kucheka. Alisema chuma hiki hakichoki. Ukikilazimisha kitakachochoka ni mfupa.

Nilipona vizuri, na siwezi kumlaumu mtu yeyote wa hospitali ile. Nilirudi Tinde nikitembea. Watu walitoka majumbani kunitazama. Mume wangu alitengeneza sanduku la choo kwa mbao za kreti, likawa kiti cha kifalme, watoto wakaogopa kulikaribia. Wifi yangu, dada wa mume, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alizunguka sanduku lile, akanitazama mguu, akasema, "Wifi, sasa umekuwa ngongoti. Ukifa tutakuzika umesimama?" Nikamwambia yeye watamzika mdomo wazi. Tulicheka wote. Ulikuwa mwaka mzuri. Sikuwa na maumivu, nilibeba maji, nilichuma pamba nimesimama kama wenzangu.

Ila sikupiga magoti. Mama mkwe alinisamehe tangu siku ya kwanza. Aliona goti lile lilivyokuwa boga, akaona lilivyorudi. Nilimwamkia kwa kuinama na kushika paja, naye aliitikia. Baba mkwe aliitikia akitazama pembeni. Wageni walikuwa kitu kingine. Mwanamke mzima anamsalimu mzee amesimama kama askari. Walinyamaza, na kunyamaza kwao nilikusikia mpaka nyuma ya nyumba.

Mume wangu alitaka tuwaambie watu wazi kwamba nina chuma. Mama mkwe akamkataza, na mimi nilikuwa upande wa mama. Miaka ile upande wetu mwanamke hakuhitaji kosa kubwa ili aanze kusemwa kuwa mchawi. Macho mekundu ya moshi yalitosha. Mtoto wa jirani akifa kwa surua ilitosha. Kusemwa kulikuwa na mwisho wake, na mwisho wake sote tuliujua, hatukuutaja. Sasa uende ukawaambie watu kuna mwanamke hapa mfupa wake ni chuma, walimwekea wageni huko mbali akiwa amelala kama maiti. Bora waniite mwenye kiburi.

Ndipo binti yangu wa kwanza akapata mchumba.

Alikuwa kijana wa Kishapu, familia yenye ng'ombe na mashamba ya pamba, watu wa kujiheshimu. Binti alimtaka, nasi tulimtaka. Lakini habari za baba wa kijana zilimtangulia. Alikuwa mzee wa mila, wa kunyooka kama mstari. Walisema alikwenda kumposea mwanawe mkubwa mahali fulani, mama wa nyumba akamletea maji ya kunawa amesimama, mzee akakung'uta mikono bila kunawa, akachukua fimbo yake, akaondoka na wenzake bila kula. Binti wa nyumba ile alikaa miaka mpaka watu wakasahau kwamba aliwahi kuposwa. Na mzee huyu akatuma neno kwamba pamba ikishauzwa atakuja yeye mwenyewe na ndugu zake, kula nyumbani kwetu na kuzungumza mahari.

Mama wa binti ndiye anayenawisha wageni. Hakuna mwingine anayeweza kushika beseni lile siku ile, mama akiwa hai na anatembea. Binti yangu hakuniambia neno. Aliniangalia mguu tu, akaendelea kuchambua mboga. Ningependa angesema.

Ni mama mkwe aliyeniita chini ya ukingo wa paa. Alikuwa na chungu cha samli kando yake. Akaniambia nimsikilize. Ngozi mbichi ya ng'ombe ikikauka inakuwa ubao, ukiipiga inalia. Yeye alipokuwa msichana, wanawake wakivaa ngozi, kazi yake ilikuwa kuzilainisha. Unapaka samli, unakunja, unakanyaga, unapaka tena, unakanyaga. Ngozi inakataa siku nyingi, halafu siku moja inakubali, inakuwa laini kama kitambaa. Hakuna ngozi iliyowahi kumshinda. "Hao wageni walikushona, wakakuacha ukauke," akasema. "Hawajui kazi. Goti lako halikukataa kukunja, mwanangu. Halikukanyagwa."

Nilimwambia maneno ya daktari. Akasema daktari anajua chuma, yeye anajua ngozi, na kinachofunika chuma ni nini kama si ngozi. Mimi nilijua lile sinia. Nilikuwa nimeishika ile pini kwa vidole vyangu. Lakini nilikuwa na binti, na pamba ilikuwa inapasuka shambani, na mama yule alinipenda kuliko aliyenizaa. Nikalala kifudifudi kwenye ngozi.

Akanipaka samli ya moto nyuma ya goti na kwenye paja. Akaukunja mguu, akaweka wayo wake kwenye muundi wangu, akaegemea kwa uzito wake wote, taratibu, akiimba ule wimbo wa kukanyagia ngozi. Mguu ulikwenda mpaka kwenye mwisho wake. Ko. Chuma kwenye chuma. Alisikia na yeye. Akasema, "Hapo ndipo inapokataa." Akapima nafasi kati ya kisigino na kalio kwa ngumi zake, akipanga ngumi juu ya ngumi. Akaegemea tena. Ko.

Tulifanya hivyo kila asubuhi kabla ya shamba. Mume wangu alipotukuta alisema kwa ukali kwamba alinibeba mgongoni mpaka kule, hakunibeba ili nije kukanyagwa kama tope la kujengea. Mama yake akamuuliza kama siku ya wageni atanawisha yeye kwa kupiga magoti. Akaondoka akaenda kuchunga. Wifi yangu alipita akiwa na mtungi, akasema kama ngozi yangu ikilainika vizuri atanishonea nguo. Nilikuwa nimeuma kitambaa.

Kwa muda mrefu ko ilikuwa mahali pale pale, na ngumi zilikuwa zile zile. Kisha asubuhi moja mama mkwe alipoegemea, ko haikusikika. Mguu ulipita. Ulikwenda chini zaidi ya mwisho wake, laini, kama unaozama kwenye tope. Mama mkwe akapiga vigelegele, binti yangu akatoka ndani mbio na unga mikononi. Mama mkwe akapima tena kwa ngumi, imepungua moja. Walinikumbatia wote wawili. Binti alilia.

Mimi nilicheka nao. Lakini nilikuwa nimesikia kitu ambacho wao hawakukisikia, maana hakikuwa cha masikio. Kilikuwa juu, si gotini. Kilikuwa ndani ya paja. Kama jembe linapoanza kucheza kwenye mpini wake: bado unalima, bado linaingia ardhini, ila mkono wako unajua.

Tangu siku hiyo ngumi zilipungua haraka. Na mambo mengine yakaja, moja nyuma ya lingine. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua ya kwanza ilinichoma pajani kama msumari, nikitembea kidogo inatulia. Paja likawa na joto mahali pamoja. Wayo wangu ukaanza kutazama nje. Nilikuwa natembea kuelekea kisimani, na kidole gumba kinaelekea kwa jirani. Mama mkwe aligusa lile joto, akafurahi. Akasema ni samli inaingia.

Sikumbishia. Nilishajua, ingawa sikuwa na maneno ya kulisema kama ninavyoliandika sasa. Goti halikuwa limejifunza kukunja. Bawaba ilikuwa pale pale, haikusogea hata unywele. Kilichokuwa kinakunja ni mimi. Chuma kilikuwa kinang'oka ndani ya mfupa, na kila nafasi ya ngumi tuliyoshangilia ilikuwa nafasi kinayojichimbia. Usiku nilipogeuka kitandani nilikisikia kikigeuka baada yangu, kimechelewa kidogo.

Nilitaka kishikilie siku moja tu. Nilikiambia hivyo nikiwa peke yangu shambani, kwa sauti, kama mtu anavyomwambia punda.

Pamba ikauzwa. Wageni wakaja mchana, wazee wanne na baba wa kijana mbele, kofia kichwani, fimbo mkononi. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa mwembamba, msafi, anatazama kila kitu mara moja tu. Wakakaribishwa kwenye viti chini ya ukingo wa paa, wakasalimiana na wanaume. Jikoni ugali ulikuwa tayari, na nyama, na mboga ya majani ya kunde, na maziwa ya mgando. Mama mkwe alinipa beseni na birika. Akanigusa goti kwa kiganja, kama mtu anayegusa mlango kuona umefungwa.

Nilitoka. Nilitembea bila kuchechemea. Hilo najisifia mpaka leo. Nilifika mbele ya mzee, nikaweka beseni chini, nikashusha goti la kushoto kwanza. Kisha la kulia. Likakunja. Likakunja lote, vizuri, mpaka chini, kama goti la msichana. Na lilipogusa ardhi nikasikia sauti kama ya bua la mtama linapovunjwa, na joto likanipanda mpaka shingoni.

Mzee naye aliisikia. Akageuza kichwa.

"Kitu gani hicho?"

"Kuni, baba," nikasema. "Wanapasua kuni jikoni. Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," akaitikia salamu yangu ya mchana kwa kuniita mama, na akanyoosha mikono.

Nikamimina maji. Nikawanawisha wote, nikijivuta kwa goti la kushoto kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na mguu wa kulia ukinifuata kama mzigo wa mtu mwingine. Chakula kikaletwa na wifi yangu. Sasa nilipaswa kuinuka, niondoke kinyumenyume, niwaachie wanaume chakula chao. Nilijaribu mara moja. Chini ya kiuno hapakuwa na kitu cha kuinukia. Nikajua nikijaribu tena nitapiga kelele, na nikipiga kelele mzee atasimama na kuchukua fimbo yake.

Nikabaki hapo. Nikaweka mikono mapajani, nikainamisha kichwa, nikatulia kama ndivyo nilivyokusudia.

Walikula. Sijawahi kuona watu wanaokula taratibu kama wale. Walimega, walichovya, walizungumza habari za mvua na za bei ya pamba, walicheka jambo fulani la ng'ombe aliyeingia dukani. Jasho lilinitiririka ndani ya nguo. Mume wangu alikuwa akila nao, na nilipoinua macho niliona tonge limeganda mkononi mwake, alikuwa ameelewa. Nilimtazama hivi: kaa. Akakaa. Wifi yangu alipita na maziwa, akaona uso wangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema kitu. Alisimama nyuma yangu kidogo, mguu wake ukaugusa mgongo wangu, nikauegemea. Alibaki hapo mpaka mwisho, kama anayesubiri kuondoa vyombo.

Walipomaliza niliwanawisha tena. Mzee akajifuta mikono, akanitazama muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote siku ile. Akawageukia wenzake. Akasema amekula nyumba nyingi, lakini hajaona mama wa nyumba akibaki magotini mpaka wageni washibe. Akasema binti aliyelelewa na mama huyu hana haja ya kuchunguzwa. Wazee wakaguna kukubali. Wakainuka kwenda kuzungumza mahari na baba mkwe upande wa zizi, na walipogeuka kona ya nyumba nikaanguka ubavu, na wifi yangu akaniziba mdomo kwa kiganja chake kabla sauti haijatoka.

Nilipelekwa Shinyanga juu ya lori la pamba, na kutoka hapo treni tena. Daktari mrefu alikuwa amekwisha kurudi kwao. Mwingine alinifungua. Alisema kile chuma kilitoka kwa vidole, kama muhogo kwenye mchanga, na paja lilikuwa limepasuka kwa urefu wake. Halikuwapo goti jingine la kuweka, na hata lingekuwapo hapakuwa na mfupa wa kulishika. Wakaunga paja na muundi pamoja, wakanifunga plasta mpaka kiunoni, nikalala nikitazama dari mpaka nikaijua. Hivyo ndivyo ulivyonyooka.

Mama mkwe alinipokea stesheni niliporudi. Alikuwa amezeeka kwa miezi ile. Aliutazama mguu ukishushwa kwenye behewa, umetangulia mbele yangu, na hakuugusa. Tukakaa wawili kwenye benchi kusubiri gari.

"Lakini lilikunja," akasema.

"Lilikunja, mama."

Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Binti yangu aliolewa na mimi nikiwa hospitali. Sikuiona ndoa yake. Ilipita miaka kadhaa, tumeshazoea mguu na mguu umetuzoea, ndipo nilipokwenda Kishapu kumtembelea, ameshajifungua mtoto wa pili. Walinipokea kwa heshima kubwa. Niliwekewa kiti kizuri, na kigoda cha kuegemeza mguu, na mzee mwenyewe akaja kula pamoja nasi ili kunipa heshima. Aliambiwa tu kwamba mama aliumia, na hakuuliza zaidi.

Binti akaja na maji. Mtoto alikuwa mgongoni. Akapiga magoti, akatunawisha, chakula kikawekwa na wake wa shemeji zake. Na wao wakapiga magoti. Tukaanza kula. Nikasubiri waondoke. Hawakuondoka. Walikaa hapo kwa safu, mikono mapajani, vichwa chini, na mzee anamega tonge lake bila haraka. Mtoto akaanza kulia mgongoni, binti akamtikisa kwa mabega bila kuinuka. Nguo ilikuwa imepanda kidogo, nikaona goti lake la kulia. Lilikuwa limevimba, ngozi inameta. Mwanamke aliyesaga mawe Geita hahitaji kuambiwa ni nini kile.

"Baba," nikasema, "mbona watoto hawa hawainuki?"

Mzee akatabasamu. Nadhani alikuwa ameingoja nafasi hiyo.

"Si wewe uliyetufundisha, mayu? Tangu siku ile nyumbani kwako, hapa kwangu hainuki mtu mpaka wageni washibe. Kila bibi harusi anayeingia humu tunamwambia habari zako."

Nikaweka tonge chini. Nikamwambia yote, hapo hapo, mbele yao. Chuma, bawaba, samli, paja lililopasuka. Nikamwambia sikubaki magotini kwa adabu, nilibaki kwa sababu nilikuwa nimevunjika na nisingeweza kuinuka hata nyumba ingeshika moto. Niliongea kama ninavyoongea siku zote, bila kupamba.

Mzee alitafuna mpaka akameza. Akautazama mguu wangu juu ya kigoda.

"Ulivunjika pale pale, na ukatunawisha?"

"Ndiyo."

"Na hukutoa sauti."

"Sikutoa."

Akatikisa kichwa polepole, na macho yake yalikuwa na machozi, machozi ya kweli. Akawageukia wanawake waliokuwa chini.

"Mmesikia?" akasema. "Kumbe hata sisi hatukuijua heshima yenyewe. Mmesikia?"

"Tumesikia, baba," wakaitikia, na sauti ya kwanza ilikuwa ya mwanangu.